Je, Wajua? Kodi ya Kampuni Ikishuka, Ajira Hupanda?

Kila Juni, mawaziri wa fedha wa Afrika Mashariki wanaposoma bajeti, ahadi moja haikosekani: kodi fulani ya wenye biashara inapunguzwa ili vijana wapate kazi. Ahadi hiyo imetolewa pia Washington, London na Dublin. Kuna mahali ilitimia na kuna mahali ilibaki kwenye karatasi, na sababu za tofauti hiyo zinajulikana. Zisome hapa, kwa sababu fedha inayosamehewa ni ya shule yako, barabara yako na zahanati yako.

KODI YENYEWE HUFANYAJE KAZI

1. Je, wajua kwamba kodi ya mapato ya kampuni hutozwa kwenye faida, wala si kwenye mauzo? Kampuni hutoa kwanza mishahara, pango, umeme, malighafi na riba ya mkopo. Kinachosalia ndicho kinachokatwa kodi. Shilingi iliyolipwa kama mshahara haiguswi kabisa na kodi hii.

2. Fanya hesabu hii. Mwenye kiwanda cha sabuni anafikiria kumwajiri mtu atakayemgharimu Sh500,000 kwa mwezi. Akiona mtu huyo atamwingizia Sh700,000, faida ni Sh200,000. Kodi ikiwa asilimia 30, anabaki na Sh140,000. Ikiwa asilimia 15, anabaki na Sh170,000. Atamwajiri kwa vyovyote vile. Lakini wateja wakiwa wachache na mtu huyo akawa anaingiza Sh400,000 tu, kila mwezi ni hasara ya laki moja, na hakuna punguzo la kodi ya faida litakalomfanya mwenye kiwanda amchukue. Anachokosa hapo ni wanunuzi.

3. Wanaotetea punguzo wana hoja nzito, nayo ni ya mashine. Sheria nyingi za kodi haziiruhusu kampuni kutoa bei yote ya mtambo katika mwaka wa kuununua; huitoa kidogo kidogo kwa miaka, kadiri mtambo unavyochakaa. Kwa hiyo kodi ya faida huufanya uwekezaji kuwa ghali. Kodi ikishuka, mradi uliokuwa haulipi huanza kulipa: mitambo inaongezeka, mfanyakazi anazalisha zaidi, na mshahara unaweza kupanda.

4. Njia hiyo ipo kweli, ila ni ndefu, na fedha inaweza kuishia katikati. Kampuni iliyoachiwa kodi inaweza kuwalipa wanahisa gawio kubwa, kununua hisa zake yenyewe sokoni, kulipa madeni, kuweka akiba benki au kwenda kujenga kiwanda nchi nyingine. Kuajiri ni chaguo moja tu kati ya hayo.

5. Je, wajua kwamba kiwango cha kawaida cha kodi ya kampuni ni asilimia 30 Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo? Rwanda imeshuka hadi asilimia 28. Umoja wa Falme za Kiarabu haukuwa na kodi ya namna hii kwa biashara za kawaida hadi Juni 2023, ulipoanza kutoza asilimia 9.

6. Mwaka 1980 wastani wa kiwango hiki duniani ulikuwa karibu asilimia 40. Leo uko kati ya 23 na 24. Nchi moja ikishusha ili ivutie wawekezaji, jirani naye hushusha. Mwishoni wote wamerudi walipoanzia katika kushindana, ila hazina zao zimepungua.

7. Mashindano hayo huiumiza Afrika zaidi. Katika nchi za Afrika, kodi ya kampuni huleta karibu moja ya tano ya mapato yote ya kodi. Katika nchi tajiri za OECD huleta karibu moja ya kumi.

WAZO LILIANZIA WAPI

8. Je, wajua kwamba hoja ya kodi ndogo ina zaidi ya miaka 600? Ibn Khaldun, mwanachuoni aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, aliandika katika Muqaddimah yake ya mwaka 1377 kwamba dola changa hutoza kidogo na kukusanya kingi, na dola iliyozeeka hutoza kingi na kukusanya kidogo, kwa kuwa watu hukata tamaa ya kuzalisha.

9. Mwaka 1974, mchumi Arthur Laffer aliwachorea wazo kama hilo maafisa wa Ikulu ya Marekani Dick Cheney na Donald Rumsfeld kwenye kitambaa cha mezani, katika hoteli moja jijini Washington. Laffer mwenyewe amemtaja Ibn Khaldun kuwa mtangulizi wake. Jambo linalosahaulika ni kwamba mchoro ule unahusu mapato ya serikali. Ndani yake hamna mstari wa ajira.

10. Wengi humtaja Rais John Kennedy wa Marekani kama shahidi wa punguzo. Sheria aliyoiasisi, iliyopitishwa mwaka 1964 baada ya kifo chake, ilishusha kiwango cha juu cha kodi ya mapato ya watu binafsi kutoka asilimia 91 hadi 70, na cha kampuni kutoka 52 hadi 48. Uchumi ulinawiri. Lakini kushuka kutoka 91 ni jambo moja, na kushuka kutoka 30 ni jambo jingine.

MAREKANI: MAJARIBIO MAKUBWA

11. Desemba 22, 2017, Rais Donald Trump alisaini sheria iliyobeba neno “ajira” ndani ya jina lake. Kodi ya kampuni ilishuka kutoka asilimia 35 hadi 21 kuanzia Januari 2018. Washauri wa uchumi wa Ikulu walikadiria kwamba kipato cha kaya ya kawaida kingepanda kwa angalau dola 4,000 kwa mwaka.

12. Je, wajua nini kilitokea? Mapato ya serikali kuu kutokana na kodi hiyo yalianguka kutoka dola bilioni 297 mwaka wa fedha 2017 hadi bilioni 205 mwaka 2018. Kampuni 500 kubwa za kipimo cha S&P zilitumia takriban dola bilioni 806 mwaka 2018 kununua hisa zao zenyewe, kiasi kilichovunja rekodi ya wakati huo.

13. Kampuni kadhaa zilitangaza bonasi ya mara moja kwa wafanyakazi, nyingine dola 1,000 kwa kila mmoja, na magazeti yakapamba habari hiyo. Watafiti wa Bunge la Marekani walipojumlisha bonasi zote zilizotangazwa na kuzigawa kwa wafanyakazi wote wa nchi, kila mmoja alipata dola 28.

14. Haki itendeke: sheria hiyo iliongeza uwekezaji. Wachumi Gabriel Chodorow-Reich, Owen Zidar na Eric Zwick, katika tathmini yao ya mwaka 2024, walikadiria kwamba uwekezaji wa kampuni ulipanda kwa karibu asilimia 11. Lakini ongezeko la mshahara walilolikadiria ni takriban dola 750 kwa mfanyakazi kwa mwaka, mbali sana na ahadi ya Ikulu.

15. Utafiti mwingine ulilinganisha kampuni zilizopata punguzo hilo na zile ambazo hazikulipata. Wafanyakazi waliokuwa chini ya asilimia 10 ya juu ya mishahara ndani ya kampuni hawakuona badiliko la maana. Waliofaidi ni wakurugenzi na wale wa juu kabisa.

16. Na ajira je? Ukosefu wa kazi Marekani ulikuwa asilimia 4.1 mwishoni mwa 2017, kabla ya punguzo kuanza, na ulifika 3.5 Septemba 2019. Wafuasi wa sheria husema: mnaona! Lakini idadi ya walio kazini ilikuwa ikipanda mfululizo tangu 2010, kodi ikiwa bado asilimia 35.

17. Mwaka 2004 Marekani ilikuwa imejaribu njia nyingine: kampuni zenye faida nje ya nchi zilialikwa kuirudisha nyumbani kwa kodi ya asilimia 5.25 badala ya 35. Sheria ilikataza fedha hiyo isitumike kununua hisa. Zilirudi takriban dola bilioni 312. Uchunguzi wa Seneti mwaka 2011 uligundua kwamba kampuni 15 zilizorudisha fedha nyingi zaidi zilipunguza wafanyakazi 20,931 nchini humo kati ya 2004 na 2007. Masharti yalikuwapo. Hakukuwa na mtu wa kuyafuatilia, na fedha iliyozuiwa kutoka mfuko mmoja ilitoka mfuko wa pili.

18. Je, wajua kuhusu Kansas? Mei 2012 Gavana Sam Brownback alisaini sheria iliyofuta kabisa kodi ya jimbo kwenye faida ya biashara ambazo mapato yake hutangazwa kwenye hesabu za mwenye biashara mwenyewe. Aliahidi kwamba uchumi ungefufuka na kazi zingemiminika.

19. Serikali ilitarajia biashara 191,000 zitumie msamaha huo. Zikajitokeza takriban 330,000. Nyingi hazikuwa mpya hata kidogo. Mtu aliyekuwa akilipwa kama mtaalamu alijiandikisha kama biashara, akaendelea na kazi ile ile, ila sasa bila kodi. Hesabu ya biashara ilipanda, ya ajira haikufuata.

20. Mwaka 2014 wakala wa S&P walishusha hadhi ya jimbo hilo ya kukopesheka. Mwaka 2015 baadhi ya wilaya zilifunga shule kabla ya muhula kwisha kwa kukosa fedha. Machi 2017 Mahakama ya Juu ya Kansas iliamua kwamba fedha za shule hazitoshi. Juni 2017 wabunge wa jimbo, wengi wao wa chama cha gavana mwenyewe, walilishinda zuio lake na kuirudisha kodi.

21. Jiji la Kansas City limekaa juu ya mpaka wa majimbo mawili, Kansas na Missouri. Kwa miaka mingi kila upande ulitoa misamaha ili kampuni za upande wa pili zihamie kwake. Ofisi zilivuka barabara ya mpakani na kila gavana akahesabu “ajira mpya”, ilhali watu waliokuwa kazini ni wale wale. Majimbo hayo yaliwekeana mapatano mwaka 2019.

22. Mwaka 2017 Wisconsin iliahidi kampuni ya Foxconn ya Taiwan msaada wa takriban dola bilioni 3, sehemu kubwa ikiwa nafuu za kodi, kwa kiwanda cha skrini chenye ajira 13,000. Mwaka 2021 mkataba uliandikwa upya: ajira 1,454 na nafuu isiyozidi dola milioni 80. Somo ni hili: nafuu ilikuwa imefungwa kwenye hesabu ya walioajiriwa, na ajira zilipokosekana mwaka 2020 jimbo likakataa kulipa. Halmashauri za pale, zilizokuwa zimeshatumia fedha kununua ardhi na kupanua barabara, hazikuwa na kinga kama hiyo.

23. Mchumi Timothy Bartik amepitia tafiti nyingi za Marekani kuhusu vivutio vya kampuni. Anakadiria kwamba vivutio huamua mahali pa mradi katika kesi 2 hadi 25 kati ya kila 100. Zilizobaki, angalau 75, kampuni ingefanya kile kile hata bila kupewa chochote.

ULAYA NA KWINGINEKO: WALIOSHUSHA, WALIOPANDISHA

24. Ayalandi ndiyo mfano unaopendwa na watetezi wote wa kodi ndogo. Kiwango chake cha asilimia 12.5, kilichoanza mwaka 2003, kilivutia kampuni kubwa za dawa na kompyuta. Ni kweli, na ajira zilikuja.

25. Je, wajua sehemu ya hadithi hiyo isiyosimuliwa? Ayalandi ilianza kusamehe kodi ya faida ya bidhaa za kuuza nje mwaka 1956. Miaka 30 baadaye, katikati ya miaka ya 1980, watu karibu 17 kati ya kila 100 waliotaka kazi hawakuwa nayo, na vijana walikuwa wakihama kwa wingi. Nafuu ya kodi ilikuwapo muda wote huo. Mavuno yalikuja baadaye, wakati watoto waliofaidi elimu ya sekondari bila ada, iliyoanza mwaka 1967, walipokuwa watu wazima wenye ujuzi, na nchi ikiwa ndani ya soko la pamoja la Ulaya. Kodi ndogo ilisaidia ilipokuta elimu, lugha na soko.

26. Uingereza ilishusha kodi ya kampuni kutoka asilimia 28 mwaka 2010 hadi 19 mwaka 2017. Uwekezaji wa biashara ulibaki dhaifu, na Aprili 2023 kiwango cha kampuni zenye faida kubwa kilipandishwa hadi 25. Septemba 2022, Waziri Mkuu Liz Truss alijaribu kulizuia ongezeko hilo na kupunguza kodi nyingine bila kuonyesha fedha ya kuziba pengo. Masoko ya mitaji yaliyumba. Oktoba 14 alirudi nyuma, na Oktoba 20 alitangaza kujiuzulu.

27. Mwaka 2012 Mark Carney, wakati huo gavana wa Benki Kuu ya Kanada, alizilaumu hadharani kampuni za nchi yake kwa kukalia fedha bila kuwekeza. Alisema hayo mbele ya wanachama wa chama cha wafanyakazi wa magari. Kiwango cha kodi ya kampuni cha serikali kuu ya Kanada kilikuwa kimeteremka kutoka asilimia 28 mwaka 2000 hadi 15 mwaka ule ule wa 2012.

28. Je, wajua nani hasa hubeba kodi ya kampuni? Ujerumani, ambako kila manispaa hujipangia kiwango, watafiti waliofuatilia maelfu ya mabadiliko walikuta kwamba karibu nusu ya mzigo humwangukia mfanyakazi kupitia mshahara wake. Kwa majimbo ya Marekani, Juan Carlos Suárez Serrato na Owen Zidar walikadiria kwamba wenye kampuni hufaidi karibu asilimia 40 ya punguzo, wafanyakazi 30 hadi 35, na wenye ardhi sehemu iliyobaki. Kwa hiyo anayesema mfanyakazi hapati kitu anakosea, na anayesema mfanyakazi ndiye mfaidi mkuu naye anakosea.

29. Oktoba 2021 nchi 136 zilikubaliana kwamba kampuni kubwa za kimataifa zilipe angalau asilimia 15 popote zilipo. Kenya na Nigeria hazikujiunga na mapatano hayo. Ayalandi ilijiunga, na tangu 2024 inatoza kampuni kubwa asilimia 15.

NYUMBANI AFRIKA MASHARIKI

30. Hili ndilo jambo ambalo kila mbunge wetu angepaswa kulijua kwa moyo. Kundi la Benki ya Dunia liliwauliza wawekezaji: je, mngewekeza hapa hata kama msingepewa vivutio vya kodi? Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yanaonyesha waliojibu ndiyo walikuwa asilimia 98 Rwanda, 93 Uganda, 91 Tanzania, 77 Burundi na 61 Kenya.

31. Soma tena takwimu ya Tanzania. Wawekezaji 91 kati ya 100 walikuwa tayari kuja na kulipa. Msamaha wao haukununua ajira hata moja ambayo isingekuwapo.

32. Ripoti ya mwaka 2012 ya mashirika ya Tax Justice Network-Africa na ActionAid ilikadiria kwamba Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zilikuwa zikipoteza hadi dola bilioni 2.8 kwa mwaka kwa vivutio na misamaha ya kodi.

33. Kenya ilipitisha sheria ya EPZ, yaani maeneo maalumu ya viwanda vya bidhaa za kuuza nje, mwaka 1990: miaka 10 bila kodi ya kampuni, kisha asilimia 25 kwa miaka 10 inayofuata. Katika muongo wa kwanza ajira zilikuwa elfu chache tu. Mwaka 2000 Marekani ilipopitisha sheria ya AGOA na kuzifungulia bidhaa za Afrika soko lake bila ushuru, viwanda vya nguo vya Athi River na kwingineko vilijaa makumi ya maelfu ya washonaji. Mwaka 2005 mfumo wa kimataifa wa mgao wa biashara ya nguo ulipomalizika na bidhaa za China zikafurika, baadhi ya viwanda vilifungwa. Muda wote huo msamaha wa kodi haukubadilika. Kilichobadilika ni mnunuzi.

34. Aprili 2020, wakati wa Uviko-19, Kenya ilishusha kodi ya kampuni kutoka asilimia 30 hadi 25, kisha ikairudisha Januari 2021. Hoteli ya pwani iliyofungwa milango haikuwa na faida ya kutozwa, kwa hiyo punguzo halikuigusa. Waliofaidi ni wale waliokuwa bado wanapata faida katikati ya janga. Takwimu za taifa zilionyesha ajira zaidi ya 700,000 zilipotea mwaka huo.

35. Je, wajua kwamba nchini Kenya zaidi ya watu 80 kati ya kila 100 walio kazini nje ya kilimo kidogo wako katika sekta isiyo rasmi? Fundi wa jua kali, mama lishe na bodaboda hawalipi kodi ya kampuni. Wanachokililia ni umeme usiokatika, mkopo wa riba nafuu, eneo la kufanyia biashara bila kubomolewa, na ushuru mdogo mdogo uliopunguzwa. Punguzo la kodi ya kampuni huwapita juu ya vichwa vyao.

PUNGUZO LILILOFIKA KWA MFANYAKAZI

36. Je, wajua kwamba kuna punguzo lililothibitika kuleta ajira? Kati ya 2007 na 2009 Uswidi ilishusha karibu kwa nusu mchango ambao mwajiri hulipa juu ya mshahara wa kijana. Ajira za vijana zilipanda kwa pointi 2 hadi 3 za asilimia. Hata baada ya punguzo kuondolewa miaka ya 2015 na 2016, manufaa hayakupotea mara moja.

37. Mwaka 2009, katikati ya mtikisiko wa uchumi, Ufaransa ilizipa nafuu kampuni zenye wafanyakazi chini ya 10 kwa kila mtu mpya wa mshahara mdogo waliyemchukua. Watafiti waliona ajira zikiongezeka kweli. Mlengwa alikuwa mwajiri mdogo, na nafuu ilitolewa kwa ajira mpya tu.

38. Afrika Kusini ilianza nafuu ya aina hiyo Januari 2014 kwa vijana wa miaka 18 hadi 29 wenye mshahara chini ya randi 6,000. Tafiti za mwanzo hazikuona ongezeko la maana. Kulenga vizuri husaidia, lakini hakumalizi ukosefu wa kazi mahali ambapo shule na soko vimelegea.

39. Tanzania ina kodi inayokaa moja kwa moja juu ya mshahara: tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL. Ilikuwa asilimia 6 hadi katikati ya 2013, na kufikia Julai 2023 ilikuwa imeshuka hadi 3.5. Mwaka 2021 waajiri wenye wafanyakazi chini ya 10 walisamehewa. Awali mpaka ulikuwa wanne. Punguzo kama hili linagusa hesabu ya yule mwenye kiwanda cha sabuni pale pale anapoamua kuajiri.

40. Sheria ya Tanzania inatoza pia asilimia 10 badala ya 30, kwa miaka 5 ya mwanzo, kwa kiwanda kipya cha kuunganisha magari, matrekta au boti za uvuvi. Lakini mwekezaji lazima awe na mkataba wa utekelezaji na serikali. Mkataba huo ndio wenye thamani, ukisomwa na kufuatiliwa.

41. Wakati nao una uzito. Alexander Ljungqvist na Michael Smolyansky walilinganisha wilaya za Marekani zinazopakana lakini zenye kodi tofauti, kuanzia 1970 hadi 2010. Kupandisha kodi ya kampuni kuliumiza ajira. Kuishusha hakukuleta mengi, isipokuwa uchumi ulipokuwa umedorora. Kwa hiyo wanaoonya dhidi ya kupandisha kodi ovyo nao wasikilizwe.

42. Na anayepewa ni nani? Owen Zidar alichunguza mapunguzo ya kodi ya mapato Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili. Yale yaliyowafikia asilimia 90 ya wananchi wa kipato cha chini na cha kati yalifuatana na ongezeko la ajira. Yale ya asilimia 10 ya juu yalikuwa na athari ndogo. Mwenye kipato kidogo akipata nafuu huenda dukani, na muuza duka huhitaji msaidizi.

BAJETI IJAYO, ULIZA HAYA

43. Punguzo hili linagusa nini: faida ambayo kampuni ingeipata hata hivyo, au mtu mpya atakayeajiriwa na mtambo mpya utakaosimikwa?

44. Linaanza lini na linakwisha lini? Msamaha usio na tarehe ya mwisho haupimwi, na usiopimwa haufutwi.

45. Nani atahesabu ajira, na hesabu itatangazwa wapi? Jina la kampuni, kiasi ilichosamehewa na idadi ya iliowaajiri viwekwe wazi kila mwaka, kama zinavyowekwa wazi zabuni za umma.

46. Ajira zisipopatikana, fedha inarudi? Wisconsin iliweza kukataa kwa sababu mkataba uliandikwa hivyo kabla ya kusainiwa.

47. Kiasi hicho hicho kingefanya nini kwenye umeme, barabara ya kwenda sokoni au chuo cha ufundi?

Mbunge wako anayajua majibu, au anaweza kuyadai wizarani. Mwandikie kabla ya Juni. Punguzo la kodi ni matumizi ya fedha ya umma sawa na ujenzi wa daraja, na daraja likilipiwa, mwananchi ana haki ya kulivuka.